Moyo Wenye Tundu Si Adhabu



Sifa zote njema ni za Allah, Muumba wetu, aliyetutia sura katika matumbo ya mama zetu kwa namna aliyoitaka Yeye. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika Uislamu, kaka na dada, likizo inakaribia. Wapo watakaoshukia Kasese mjini, wapo wa Hima, wa Kilembe na wa Kisinga, na sisi wa Bwera tutaendelea mpaka karibu na mpaka wa Mpondwe. Kabla hatujafunga mizigo, napenda tuzungumze jambo moja lililonikuta nyumbani, kwa sababu naamini litamkuta na mwenzangu. Naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Ramadhani iliyopita nilikuwa Bwera, nikiwasomesha watoto wa madrasa baada ya swala ya Alasiri. Miongoni mwao alikuwapo binti wa miaka sita hivi. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi kuliko wenzake wengi. Lakini wakitoka kucheza, yeye hukimbia hatua chache kisha huchuchumaa, magoti yamegusa kifua, anahema. Baada ya muda huinuka, hutembea kidogo, huchuchumaa tena. Wenzake walimcheka wakamwita mvivu, nami sikuwakataza.

Siku moja bibi yake akanijia amemshika mkono. "Maalim," akaniambia, "mtoto huyu midomo yake inageuka rangi. Wengine wanasema ana jini. Wengine wanasema ni dhambi ya mama yake. Wewe unasoma dini huko chuoni. Msomee."

Nikamsomea. Nilisoma Fatiha, Ayatul Kursiy na sura za kinga, nikampulizia kama tulivyofundishwa. Kisha nikamwambia, "Vuteni subira, bibi. Mola akipenda atapona." Bibi akashukuru, akaondoka. Mimi nikaenda kufuturu nikiwa na raha moyoni kwamba nimetimiza wajibu wangu.

Ndugu zangu, kumsomea mtoto hakukuwa kosa. Kosa langu ni kwamba niliishia hapo. Sikuuliza midomo inageuka rangi gani, wala lini. Sikuuliza kama amewahi kupimwa. Na lile neno kuhusu dhambi ya mama yake nililisikia kwa masikio yangu nikaliacha lipite. Baada ya Idi, muuguzi mmoja aliyekuja mtaani kwa kazi ya chanjo alimwona mtoto amechuchumaa. Akamshika vidole, akaona ncha zake zimekuwa nene kama vichwa vya vijiti vya ngoma. Akasikiliza kifua chake, kisha akawaambia wazazi wampeleke hospitali bila kukawia. Yeye alitambua kwa dakika chache jambo nililolitazama mwezi mzima bila kulielewa.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuwauliza wenzetu wa udaktari. Haya ndiyo niliyoyapata.

Sote tunaijua hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) alitufahamisha kuwa mwilini mna pande la nyama ambalo uzima wake ni uzima wa mwili wote, na uharibifu wake ni uharibifu wa mwili wote. Tunaitaja tunapozungumzia nia na imani, na hiyo ndiyo maana yake. Lakini ni mara chache tunajiuliza pande lenyewe la nyama limejengwaje.

Tazama nyumba ya udongo kule kwetu milimani. Kwanza zinasimamishwa nguzo, zinafungwa fito kwa kamba, ndipo udongo unakandikwa. Ukikandika bila fito, mvua ya kwanza inaangusha ukuta. Moyo nao una mfano wa hayo. Udongo wake ni misuli: seli ndogo zenye matawi, zimeshikana ncha kwa ncha, tena zimepangwa kwa mzunguko kama kamba iliyosokotwa. Ndiyo maana moyo hausukumi damu kwa kubana tu. Hujisokota kidogo, kama mama anavyokamua nguo kando ya mto Nyamwamba. Fito na kamba zake ni tishu unganishi, hasa nyuzi imara za kolajeni. Nyuzi hizo huzifunga seli katika mafungu, huzuia misuli isivutike kupita kiasi, na hushikilia vali nne mahali pake. Kati ya vyumba viwili vya juu na viwili vya chini, tishu hiyo hufanya kama sakafu isiyopitisha umeme wa moyo isipokuwa katika njia moja, ili vyumba vya juu vitangulie kubana na vya chini vifuate. Kazi hiyo hurudiwa kama mara 100,000 kila siku, nasi tumelala, tunacheka, tunasahau kumshukuru aliyeiweka.

Kati ya upande wa kulia na wa kushoto kuna kiambaza. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika na kuipeleka mapafuni. Upande wa kushoto hupokea damu yenye oksijeni kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima. Kiambaza hicho hakisimami kwa siku moja. Moyo wa mtoto tumboni huanza kama mrija, na huanza kupiga katika wiki ya nne hivi tangu mimba kutungwa. Mrija hujikunja, kisha kuta huota kutoka pande mbalimbali: ukuta wa misuli hupanda kutoka chini, na vijito vya tishu laini, yaani mito midogo kama ya kulalia, huota katikati na kukutana. Kufikia wiki ya nane sehemu kubwa ya kazi imekamilika. Wakati huo mama wengi ndiyo kwanza wanaanza kujua kwamba wana mimba.

Kuta zisipokutana, hubaki tundu. Tundu kati ya vyumba vya chini ndiyo kasoro ya moyo inayoonekana zaidi kwa watoto wachanga. Baadhi ya matundu hayo ni madogo na hujifunga yenyewe. Mengine ni makubwa na huhitaji daktari. Kwa jumla, katika kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, karibu mmoja huzaliwa na kasoro ya moyo, ndogo au kubwa. Msikiti wenye familia nyingi hauwezi kukosa mtoto wa namna hii.

Yule binti wa madrasa yetu alikutwa na kasoro nne kwa pamoja, ambazo daktari wa Ufaransa aitwaye Fallot alizieleza mwaka 1888: tundu katika kiambaza cha chini, njia ya kwenda mapafuni imekuwa nyembamba, mshipa mkuu wa aota umekaa juu ya tundu, na misuli ya chumba cha chini cha kulia imekuwa minene kwa kusukuma damu mlangoni pembamba. Damu isiyo na oksijeni hupita kwenye tundu na kwenda mwilini, ndiyo midomo ikawa ya buluu. Na kuchuchumaa kwake? Mtoto akichuchumaa, mishipa ya miguu hubanwa, msukumo wa damu upande wa mwili hupanda, na damu zaidi hulazimika kwenda mapafuni. Hakuna aliyemfundisha. Tulipokuwa tukimwita mvivu, alikuwa akijitibu kwa njia aliyopewa na Mola wake.

Sasa ndugu zangu, yapo mambo manne tunayopaswa kuyabeba kwenda nayo nyumbani.

La kwanza: tundu hilo si laana. Hapa nataka kila msomaji aweke mkono kifuani. Wewe pia ulikuwa na tundu moyoni. Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa. Oksijeni humjia kwa damu ya mama yake kupitia kondo. Kwa hiyo Allah ameweka kijitundu kati ya vyumba viwili vya juu, ili damu isihangaike kwenda kwenye mapafu ambayo bado hayafanyi kazi. Mtoto akizaliwa na kuvuta pumzi ya kwanza, mapafu hufunguka, msukumo wa damu hubadilika, na kijitundu hicho hufungwa kama mlango. Baadaye tishu hushikana na mlango ukawa ukuta. Kwa karibu mtu mmoja katika kila wanne haushikani kabisa, naye huishi maisha yake bila kujua. Huenda ni wewe, huenda ni imamu wetu. Basi tundu lililokuwa rehema kwako kabla hujazaliwa, kwa nini likibaki kwa mtoto wa jirani uliite adhabu?

La pili: tusimtwike mama mzigo ambao Allah hakumtwika. Kwa watoto walio wengi, madaktari hawaoni sababu moja ya kuinyoshea kidole. Kwa wengine ni kromosomu. Karibu nusu ya watoto wenye ugonjwa wa Down huwa na kasoro ya moyo. Wengine ni kwa sababu mama aliugua rubela mwanzoni mwa mimba, au ana kisukari kisichodhibitiwa. Hakuna kati ya hayo linaloitwa laana ya ukoo. Na kama mtu atasema lazima pawe na dhambi nyuma yake, tumkumbushe kisa cha Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.) kwa Bibi Mariya, aliyefariki akiwa bado mtoto mdogo, mwaka wa 10 Hijria. Siku hiyo jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume alikuwa na huzuni, machozi yamemtoka kwa ajili ya mwanawe. Angeweza kunyamaza na uvumi ukampa heshima. Lakini alisimama akawafundisha watu kuwa jua na mwezi ni ishara za Allah, wala havipatwi kwa sababu ya kufa au kuishi kwa mtu yeyote. Ikiwa Mtume alikataa uvumi siku ya kumzika mwanawe mwenyewe, mimi nilinyamazaje mbele ya bibi aliyeniambia mkwewe anasingiziwa? Hilo ndilo linaloniuma zaidi, na nimekwenda kumwomba radhi mama wa mtoto.

La tatu: dua na dawa ni ndugu. Usama bin Sharik (r.a.) amesimulia kuwa mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawaeleza kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea tiba, isipokuwa uzee. Sisi watu wa Bwera tunalijua hili kwa vitendo. Mwezi Juni 2019 Ebola ilipovuka kutoka Kongo na kutufikia, tulinawa mikono pale Mpondwe, tukapimwa joto, tukaacha kupeana mikono ambayo ni desturi yetu. Tuliomba na tukanawa. Mbona mtoto akigeuka buluu tunaomba peke yake?

Na wanafunzi wenzangu wa dini, tusidhani habari hizi ni za kitivo kingine. Yupo mwanachuoni wetu Ibn al-Nafis, aliyezaliwa Sham na kufanya kazi Misri, akafariki Kairo mwaka 1288. Alikuwa tabibu, na alikuwa faqihi wa madhehebu ya Shafi, haya haya tunayoyasoma wengi wetu. Kabla yake waganga walishikilia kauli ya Galen wa Uyunani, kwamba damu hupenya kutoka kulia kwenda kushoto kupitia vijitundu vya siri ndani ya kiambaza cha moyo. Ibn al-Nafis, katika kitabu alichokiandika mwaka 1242 kufafanua kazi ya Ibn Sina, aliikataa kauli hiyo. Alisema kiambaza ni kinene na hakina tundu, la wazi wala la siri, hivyo damu haina budi kupitia mapafuni. Alitangulia Ulaya kwa karne tatu. Alipokaribia kufa, aliitoa nyumba yake na vitabu vyake kwa hospitali ya al-Mansuri ya Kairo. Mtu huyo hakuona mpaka kati ya kufundisha fiqhi na kuutazama moyo wa nyama. Mpaka huo tumeuchora sisi.

La nne: kuchelewa kunaufanya moyo mgumu. Nazungumza juu ya nyama sasa. Nimesema kolajeni ni fito za nyumba. Fito zikizidi udongo, ukuta haukunjiki tena. Chumba cha moyo kinachosukuma kwa shida mwaka baada ya mwaka, misuli yake hunenepa, na kati ya misuli huongezeka kolajeni kama kovu. Moyo huwa mgumu: haujazwi vizuri, wala haubani vizuri. Ndiyo maana penye huduma, kasoro za Fallot hurekebishwa mtoto akiwa bado mchanga, kabla kovu halijaenea. Na tundu kubwa la kiambaza likiachwa miaka mingi, mishipa ya mapafu yenyewe hukakamaa kwa kupokea damu nyingi kupita kiasi. Ikifikia hapo, hata daktari bingwa anaweza kusema kuliziba sasa ni hatari kuliko kuliacha. Tundu lile lile lililozibika mwaka jana, leo halizibiki.

Nchi yetu inaijua habari ya moyo kukakamaa. Mwaka 1948 Dakta J. N. P. Davies, akiwa Mulago, alieleza ugonjwa unaoujaza kovu utando wa ndani wa moyo. Huo haukuwa wa kuzaliwa nao, lakini unaonyesha jambo hilo hilo: tishu iliyoumbwa kushikilia, ikizidi kiasi, hubana. Na katika Surat al-Hadid Allah anatutahadharisha tusiwe kama waliotangulia, ambao muda uliwarefukia na nyoyo zao zikawa ngumu. Nilipoisoma tena aya hiyo niliogopa. Moyo wa yule mtoto ulikuwa ukizidi kuwa mgumu kwa sababu moyo wangu mimi haukushtuka.

Basi tufanye nini? Haya ni mepesi, na kila mmoja wetu anayaweza.

Ukimwona mtoto mchanga anayetoka jasho na kuchoka kila anaponyonya, asiyeongezeka uzito, anayehema haraka hata akiwa amelala, au anayerudiwa na homa ya mapafu kila mara, usiseme ni mwembamba tu kama baba yake. Ukimwona mkubwa kidogo mwenye midomo au kucha za buluu, ncha za vidole nene, au anayechuchumaa kila akikimbia, usimcheke. Kwa mtoto mweusi tazama ulimi na ndani ya midomo, maana huko rangi haijifichi. Msomee, kisha mpeleke siku hiyo hiyo kituo cha afya. Waombe wausikilize moyo. Wakikupa barua ya kwenda mbele, kutoka Bwera hadi Fort Portal, na kutoka Fort Portal hadi Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, usiiweke barua hiyo chini ya godoro.

Najua kwa nini barua huwekwa chini ya godoro. Kutoka Bwera hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 300. Nauli ya watu wawili, chakula, mahali pa kulala, vipimo, na shamba linabaki bila mtu. Hapa ndipo zaka na sadaka zetu zinapohusika. Mzazi fukara mwenye mtoto mgonjwa yumo katika wale wa mwanzo waliotajwa katika aya ya zaka ya Surat at-Tawba. Tukisubiri tuwe matajiri ndipo tutoe, kolajeni haisubiri. Mwanafunzi akiacha soda mbili kwa wiki, na wenzake ishirini wakafanya hivyo, nauli ya mama mmoja imepatikana.

Na ninyi mnaosomea udaktari na uuguzi, msitudharau sisi wa dini tunapouliza maswali ya kitoto. Watu wa kijijini watatuendea sisi kwanza, usiku, kimya kimya, kabla hawajaja kwenu. Tufundisheni dalili, nasi tutawaletea wagonjwa mapema.

Yule binti amekwisha kupimwa Kampala, na sasa yumo katika orodha ya wanaosubiri upasuaji. Nilipokwenda kumwomba radhi bibi yake, sikujua nianzeje. Akanikatiza. "Maalim, kisomo ulisoma, na Mungu amekisikia. Sasa tusaidie nauli." Madrasa imeanza kuchanga. Na watoto tumewaeleza kwa nini mwenzao huchuchumaa. Siku hizi akichuchumaa wao pia husimama, wanamngoja ainuke, kisha mchezo unaendelea.

Ewe Mola wetu, wape afya watoto waliozaliwa na nyoyo dhaifu, wape nguvu wazazi wao, itie baraka mikono ya wanaowatibu. Uzipe uhai nyoyo zetu kabla hazijawa ngumu, na utusamehe kwa kila tuliyemwambia asubiri ilhali tulikuwa na uwezo wa kusimama naye. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.